Upasuaji hospitali za vijijini: tujadili vinavyokwamisha kabla kisu hakijagusa ngozi

#1 Tabibu_wa_Pembeni

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale wenye hospitali ya chumba kimoja cha upasuaji, daktari mmoja au tabibu aliyefunzwa kupasua, mtaalamu mmoja wa usingizi (akienda likizo ndiyo basi), na umeme wa kubahatisha.

Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 ilichagua upasuaji wa aina 3 kuwa kipimo cha hospitali ya ngazi ya kwanza: upasuaji wa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika wenye jeraha la wazi. Ukiyaweza hayo saa nane za usiku, mengine mengi unayaweza. Tume hiyohiyo ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu.

Kila mara tunaambiwa shida ni uhaba wa madaktari bingwa. Upo, hakuna anayebisha. Lakini hata akipatikana mwenye mkono mzuri, atakwama kwenye oksijeni, damu, utakasaji na taa. Naomba tuyaongelee hayo kwa namba. Ya "serikali iangalie" tuyaachie jukwaa la siasa.

Nafungua na oksijeni. Mtungi mdogo wa saizi E ukijaa una lita kama 680 kwa bar 137. Geji ikisoma 70, umebaki na lita 340 hivi. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika atakaa nao dakika 68, na hapo hujaweka akiba ya kumfikisha wodini. Hesabu hii ifanywe kabla mgonjwa hajapanda mezani, iandikwe ubaoni, na aliye zamu ajue funguo ya mtungi iko wapi. Funguo hiyo kupotea ni jambo la kawaida mno, ifungwe kwa mnyororo kwenye toroli.

#2 Fundi_Vifaa_Tiba

Mkuu umeanza pazuri. Niongezee upande wa konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewa ya kawaida), maana wengi wanadhani ikinguruma basi inafanya kazi.

Konsentreta ya lita 5 ikiwa nzima hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ndani kuna punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni. Punje hizo zikilowa unyevu zinachoka, na hapo ndipo unapodanganywa: mashine inanguruma, kijipira cha kipimo kinaelea kwenye 5, ila kinachotoka kimekaribia kuwa hewa ya kawaida. Bila kipima oksijeni kwenye mdomo wa mashine huwezi kujua. Ikisoma chini ya asilimia 82, itoe kazini. Chujio la nje lioshwe kwa maji ya sabuni kila wiki, na likauke kabisa ndipo lirudishwe. Likirudi likiwa bichi, unaingiza unyevu kwenye zeolaiti kwa mkono wako mwenyewe.

Jambo la pili: konsentreta ya kawaida haina msukumo wa kuendesha mashine ya usingizi ya Boyle, ambayo inataka bar 4 hivi. Kwa hiyo ukinunua konsentreta nzuri halafu una Boyle tu, hujatatua kitu. Mashine ya usingizi inayofaa ni ile ambayo mgonjwa anavuta hewa ya chumbani kupitia chombo cha dawa, huku oksijeni ya konsentreta ikiongezwa pembeni.

Sasa umeme. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, ni wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema, kwa hiyo una 1,200. Inveta inakula asilimia 10 hadi 15, umebaki na 1,050 hivi. Konsentreta inakula wati 350: masaa 3. Washa na taa ya wati 40 na mashine ya kunyonya ya wati 100, muda unashuka mpaka masaa 2 na dakika chache. Mtu akichomeka birika la chai kwenye laini hiyo, na huwa wanachomeka, inveta inajizima katikati ya upasuaji. Soketi za inveta zipakwe rangi nyekundu. Otoklevu (chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke) ya umeme, yenye wati 2,000 hadi 3,000, isikaribie kabisa.

Jenereta nalo lina adabu yake. Liwashwe bila mzigo, liachwe dakika moja au mbili volti itulie, ndipo swichi igeuzwe. Mashine nyingi za kuchoma mishipa na monita hufa kwenye zile sekunde za mwanzo. Muda huo wote wa giza mpasuaji awe na taa ya kichwani na mashine ya kunyonya ya kukanyaga kwa mguu iwe chini ya meza. Iwe imejaribiwa leo. Mpira wake ukikaa mwaka bila kutumika unapasuka.

#3 Usingizi_Salama

Naingia upande wangu. Ganzi ya mgongo ndiyo inayobeba upasuaji wa kujifungua vijijini, na ni nzuri, ila inaua ikifanywa kwa mazoea.

Kwa mjamzito, dawa ya ganzi bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 hadi 2.5 inatosha. Sindano iwe geji 25 yenye ncha ya penseli. Sindano nene za geji 20 au 22 zinaacha tundu linalovujisha maji ya uti wa mgongo, mama anaumwa kichwa siku kadhaa, hawezi kukaa kumnyonyesha mtoto. Ganzi ifike usawa wa chuchu, ipime kwa pamba yenye spiriti: pale anaposema haisikii baridi ndipo ilipofika. Mara tu baada ya kumlaza, meza iinamishwe kushoto nyuzi 15 au uwekwe mto chini ya nyonga ya kulia, vinginevyo mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa na presha inaporomoka. Pima presha kila dakika moja mpaka mtoto atoke. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, iwe imeshachanganywa kwenye bomba, unampa miligramu 5 hadi 10 kila inapohitajika.

Dalili ya ganzi kupanda mno haianzii kwenye mashine. Inaanza kwa mama kusema mikono imekuwa mizito, halafu sauti inageuka ya kunong'ona. Ukisikia mnong'ono, shika mfuko wa Ambu (wa kumpulizia hewa kwa mkono), usisubiri oksimita (kipima oksijeni cha kidoleni) ishuke.

Na hili nataka lisomwe mara mbili: vichupa vya asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu kuvuja) na vya bupivakeini vinafanana kwa baadhi ya watengenezaji. Traneksamiki ikiingia mgongoni inaleta degedege na moyo kuvurugika, na wengi hufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya kosa hilihili mwaka 2022. Traneksamiki isikae kabisa kwenye toroli ya usingizi, na anayevuta dawa ya mgongo asome lebo kwa sauti huku mwingine akiangalia.

#4 Mwaka_wa_Tano

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: kama ganzi ya mgongo ni rahisi na haihitaji mashine, kwa nini isitumike hata kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi ikapasuka? Upasuaji wenyewe ni chini ya kitovu.

#5 Usingizi_Salama

Marahaba. Swali zuri, na jibu ni hapana, tena kubwa.

Mgonjwa aliyepoteza lita moja na nusu tumboni anaishi kwa sababu mishipa yake imejibana. Ganzi ya mgongo inailegeza yote kuanzia kiunoni kushuka. Presha ya 80 inakwenda kwenye 40 ndani ya dakika chache na moyo unasimama mkono wa mpasuaji ukiwa bado kwenye maji ya kunawa. Hali hiyohiyo kwa kondo lililobanduka au lililotangulia likitoka damu nyingi.

Hapo ndipo ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, inapofaa. Kwa mgonjwa wa kawaida ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwenye mshipa, taratibu kwa dakika moja, inakupa dakika 10 hadi 15. Aliyeishiwa damu mpe nusu miligramu hadi 1. Kwenye msuli ni 5 hadi 10 kwa kilo, ila inachelewa. Soma kichupa: kuna ya miligramu 10 kwa mililita na kuna ya 50. Ukizoea moja wakakuletea nyingine, umekosea mara 5.

Usidanganyike na maneno kwamba ketamini haizuii pumzi. Ukiisukuma haraka pumzi inakata. Inaleta mate mengi, na mate yakigusa koo linajifunga, hasa kwa watoto. Mashine ya kunyonya iwe inaunguruma kabla ya sindano. Koo likijifunga: acheni kumshikashika, inua taya, bana barakoa usoni, mpe oksijeni kwa msukumo wa taratibu usiokatika. Mara nyingi linafunguka.

Suksametoni (ya kulegeza misuli) na oksitosini (ya kukaza mfuko wa uzazi) zinataka jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Jokofu la chanjo likizima zikakaa kwenye joto muda mrefu, mwishowe unatumia maji yenye lebo.

#6 Nesi_wa_Thieta

Naomba niseme la kutakasa vifaa, maana wote mnaongelea dawa na umeme halafu kidonda kinaoza siku ya 5 mnauliza kulikoni.

Otoklevu zetu nyingi ni za mtindo wa chungu cha presha, juu ya jiko la gesi au mkaa. Kosa namba moja ni hewa iliyobaki ndani. Geji inaonyesha presha ya kutosha lakini joto halijafika nyuzi 121, kwa sababu presha hiyo ni ya hewa na mvuke pamoja. Acha vali wazi mpaka mvuke utoke kwa nguvu bila kukatika dakika 5 hadi 10, ndipo ufunge. Saa ianze kuhesabu joto likishafika, dakika 30 kwa vifurushi vilivyofungwa kitambaa. Wengi wanahesabu kuanzia walipowasha jiko.

Mwinuko nao. Paundi 15 kwa inchi ya mraba ndiyo 121 usawa wa bahari. Kila mita 300 kwenda juu ongeza nusu paundi. Hospitali iliyo kwenye mita 1,500 isome 17 na nusu. Nendeni mkaangalie kama kuna aliyeandika hivyo ukutani.

Kifurushi kisizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 50, na kilo 5. Mikasi na vibanio vifunguliwe, visibanwe, maana mvuke hauingii kwenye bawaba iliyofungwa. Vifurushi visimame wima kama vitabu, visilaliane. Kikitoka kimelowa, hicho si safi, hata kama mkanda wa kuonyesha joto umegeuka rangi. Mkanda unasema tu kwamba nje ya kifurushi kulipata joto. Ndani hausemi kitu. Acheni vikauke humohumo dakika 20 hadi 30 mfuniko ukiwa wazi kidogo.

Maji ya chumvi yanaganda kwenye kuta na kuziba vali. Kingeni ya mvua.

#7 Mzee_wa_Klorini

Dada, hukutaja kuloweka kwenye klorini asilimia 0.5 dakika 10 kabla ya kuosha. Ndiyo hatua ya kwanza tuliyofundishwa sote.

#8 Nesi_wa_Thieta

Kaka, tulifundishwa hivyo kweli, na mabango bado yapo ukutani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu kusafisha vifaa tiba haushauri tena. Klorini inakula chuma cha pua, inaacha vitundu vidogo ambamo damu inajificha, na damu na uchafu vinaifubaza dawa yenyewe kabla haijaua chochote. Juu ya hapo inampa muoshaji moyo wa kudhani hatari imekwisha.

Kinachotakiwa: vifaa vifutwe au vimwagiwe maji palepale upasuaji unapoisha, visikaukiwe na damu, vilowekwe kwenye maji yenye sabuni ya vifaa, visuguliwe kwa brashi chini ya maji ili visirushe matone, muoshaji avae glavu nene, aproni na miwani. Klorini ibaki kwenye sakafu, meza na damu iliyomwagika.

#9 Tabibu_wa_Pembeni

Nimekubali, bango langu nalo litabanduka. Tuje kwenye damu.

Kwenye mimba iliyopasuka nje ya kizazi, damu nyingi unayoihitaji imeshajaa tumboni mwa mgonjwa. Mazingira yakiruhusu unaichota ukairudisha: mpasuko uwe wa karibuni, ndani ya masaa 24, damu isiwe na harufu, na utumbo usiwe umetoboka. Fungua tundu dogo kwanza, chota kwa kikombe kilichotakaswa kabla ya kupanua, ukipanua yote inamwagikia kwenye shuka. Ichuje kupitia matabaka ya gozi safi kuingia kwenye bakuli. Juu ya mfuko wa kuchangia damu (wenye dawa ya kuzuia kuganda ndani) papakwe dawa ya kuua vijidudu, pakatwe kwa wembe safi, mimina, rudisha kwa seti yenye chujio. Usipokuwa na mfuko, sitreti ya sodiamu mililita 10 kwa kila 90 za damu.

Usiikamue gozi iliyolowa damu. Unazipasua chembe.

#10 Maabara_Ndogo

Sawa mkuu, lakini hiyo isiwe kisingizio cha kutokuwa na orodha ya wachangiaji. Mfuko wa mililita 450 ujazwe kwa kiasi hicho, maana dawa iliyomo, mililita 63, imepimiwa hapo. Ukichukua 250 kwa mchangiaji aliyechoka ukaiacha kwenye mfuko uleule, sitreti imezidi. Ukijaza kupita kiasi, inaganda.

Vipimo vya haraka vya VVU, homa ya ini B na C na kaswende vinachukua chini ya nusu saa. Kinachochelewesha ni kwenda kuwatafuta ndugu. Ndugu wapimwe kundi mgonjwa anapopokelewa, si wakati daktari ameshavaa gauni. Na sampuli iandikwe jina palepale kitandani. Makosa makubwa ya kundi la damu ni ya lebo, vipimo vyenyewe huwa havina hatia.

Damu ikitoka kwenye jokofu ianze ndani ya dakika 30, iishe ndani ya masaa 4.

#11 Mpasuaji_Mkaidi

Naona mnakwepa swali gumu: lini usipasue? Kuna kasumba kwamba kila tumbo likipokelewa ni kisu papo hapo.

Chukulia utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo. Mgonjwa kaja siku ya 4, macho yamezama. Ukimpasua hivyo, atafia mezani kwa usingizi. Mpe masaa 2 hadi 4: dripu za kutosha, mpira wa puani kwenda tumboni, antibiotiki za seftriaksoni na metronidazo, mpira wa mkojo. Mkojo ukifika nusu mililita kwa kilo kwa saa, twende. Tundu mara nyingi liko sentimita 60 za mwisho za utumbo mwembamba, lakini pekua utumbo wote, linaweza kuwa zaidi ya moja. Shona kwa kukingama ili njia isibane. Osha kwa lita kadhaa za maji ya chumvi yaliyopashwa joto la mwili, maana ya baridi yanamshusha joto na damu inaacha kuganda. Fumba ukuta wa tumbo, ngozi iache wazi, uishone siku ya 3 hadi ya 5 ikiwa safi. Ukiishona siku hiyohiyo utaifungua mwenyewe wiki ijayo.

Na kuna kupasua nusu. Ini limepasuka, linavuja: usijaribu ushujaa wa kitabuni. Libane kwa gozi kubwa juu na chini, fumba ngozi tu, mpe rufaa. Idadi ya gozi ulizoziacha iandikwe kwa herufi kubwa kwenye barua, maana anayempokea atazitoa ndani ya masaa 24 hadi 72 na lazima ajue anatafuta ngapi.

#12 Tabibu_wa_Pembeni

Hapo kwenye rufaa tusitofautiane sana, ila uzito wangu uko kwingine. Kabla ya kusema "rufaa", uliza gari lipo, lina mafuta, barabara inapitika, na nani anapanda na mgonjwa. Mama anayevuja damu akipewa rufaa ya masaa 5 bila muuguzi na bila damu, umemwondoa tu kwenye takwimu zako.

#13 Mwaka_wa_Tano

Nimesikia chandarua kinatumika kushonea henia (ngiri). Ni kweli au ni stori za vijiweni?

#14 Mpasuaji_Mkaidi

Kweli. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 uliwalinganisha wanaume 302 waliowekewa wavu wa bei ndogo wa aina ya chandarua na wa kiwandani, na baada ya mwaka hapakuwa na tofauti ya maana ya henia kurudi. Lakini si chandarua chochote: kisiwe na dawa ya mbu, aina ya uzi wake ijulikane, na kitakaswe kwa 121. Ukikipeleka 134 kinaweza kusinyaa. Msikimbilie dukani na mkasi.

#15 Fundi_Vifaa_Tiba

Kwa kuwa tumefika kwenye vitu vya bei ndogo, tuseme na vya bure. Uchunguzi uliochapishwa 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba kwenye nchi maskini havifanyi kazi. Vingi ni misaada. Kabla ya kupokea ulizeni mambo haya: ni volti 110 au 230, kitabu chake kipo, vinavyotumika mara moja vinapatikana wapi. Monita ya volti 110 ikichomekwa kwenye 230 inatoa moshi siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akiwa bado anahutubia.

#16 Nesi_wa_Thieta

😂 Na picha ya gazeti inatoka hivyohivyo.

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 ina vipengele 19, na haihitaji volti yoyote. Kwenye utafiti wa 2009 wa hospitali 8, tajiri kwa maskini, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwetu inajazwa, tatizo ni kwamba inajazwa ofisini baada ya upasuaji.

Kuhesabu gozi hapo ndipo penye shida. Gozi tunazokata wenyewe kwenye roli hazilingani, mbili zinashikana unahesabu moja. Zifungwe tanotano kabla ya kutakaswa. Za tumboni ziwe na mkia, na mkia ushikwe na kibanio kinachoning'inia nje. Hesabu mara 3: kabla ya kuanza, kabla ya kufumba tumbo, kabla ya kushona ngozi. Ubaoni, si kichwani. Hesabu ikikataa, mpasuaji asimame, hata akinuna. Gozi iliyopotea huwa kwenye ndoo, chini ya meza, au nyuma ya ini. Ndoo kwanza.